Popo na Nondo Chini ya Mulika Mwizi

Kulinganisha popo na nondo ni kazi inayofanywa mara nyingi kwa pupa, kwa sababu wote wawili huruka usiku, wote hujificha mchana, na wote hupokelewa kwa mashaka wanapoingia ndani ya nyumba. Lakini mlinganisho wenye faida hauanzii kwenye mambo wanayoshirikiana, bali kwenye jambo moja linalowatenganisha na papo hapo kuwafunga pamoja, nalo ni sauti. Popo mla wadudu hupata riziki yake kwa kupaza sauti gizani na kusikiliza mwangwi wake, na nondo wengi huponea chupuchupu kwa kuisikia sauti hiyohiyo kabla popo hajajua kwamba wapo. Hoja inayofuatwa katika mazungumzo haya ni kwamba katika shindano hilo mwenye vifaa vingi si lazima awe ndiye fundi zaidi, na kwamba nondo, ambaye sikio lake lina seli mbili tu za kusikia, anastahili sehemu kubwa ya sifa ambazo vitabu vingi humwagia popo peke yake. Hata hivyo, katika mji kama Nairobi shindano hilo limepata mshiriki wa tatu asiyekuwa na sikio wala sauti, yaani taa ya umeme, na mshiriki huyo ameharibu hesabu za wote wawili.

Mtaa wa Olympic, ulioko Kibera, unajulikana na wengi kwa shule ya msingi yenye jina hilo na kwa steji ya matatu za kwenda mjini, wala si mahali ambapo mtaalamu wa wanyama angefikiria kwenda kwanza akitaka kuwachunguza popo. Ukiutazama kwa jicho la mnyama wa usiku, hata hivyo, mtaa huo na jirani zake, kuanzia Ayany mpaka ng'ambo ya barabara ya Ngong kuelekea Kawangware, una karibu kila kitu anachohitaji. Si mbali kuna Msitu wa Ngong Road, ambao umekatwa na barabara ya Southern Bypass lakini bado una miti ya asili. Kuna mabati ya mapaa kwa maelfu. Kuna vipande vya mahindi na sukuma wiki vilivyopandwa kando ya reli na kwenye kingo za vijito, pamoja na bustani za magunia ambazo wakazi wa Kibera wamezizoea kwa miaka mingi, gunia moja la udongo likitobolewa matundu ubavuni na kila tundu kupandwa mche. Na kuna taa kali zilizosimikwa juu ya nguzo ndefu, ambazo watu wa Nairobi wamezipa jina la Mulika Mwizi.

Kenya ina zaidi ya spishi 100 za popo, neno spishi likiwa na maana ya kundi la viumbe wanaozaana wao kwa wao. Anayefaa zaidi kwa mlinganisho huu ni yule ambaye wataalamu humwita Mops pumilus, popo mdogo wa jamii ya popo wenye mkia huru, yaani wale ambao sehemu ya mkia hujitokeza nje ya ngozi inayounganisha miguu ya nyuma, tofauti na popo wengine ambao mkia wao umefumbatwa wote ndani ya ngozi hiyo. Jina lake la kisayansi limebadilishwa zaidi ya mara moja, kwa hiyo atakayemtafuta katika vitabu vya zamani atamkuta chini ya jina la Tadarida au Chaerephon. Kielelezo kilichotumiwa kumweleza mara ya kwanza, katika karne ya 19, kilitoka Massawa katika pwani ya Eritrea, na baadaye ikaonekana kwamba ameenea katika sehemu kubwa ya Afrika iliyo kusini mwa Sahara. Uzito wake ni gramu 10 hadi 12 hivi, manyoya yake ni mafupi na ya rangi ya kahawia iliyokolea, mdomo wake wa juu umejaa makunyanzi, na mabawa yake ni marefu na membamba, umbo linalomfaa kiumbe anayekwenda kasi mahali peupe juu ya mapaa na miti, lakini lisilomruhusu kukata kona kali katikati ya matawi. Kwa sababu hiyohiyo ni shida kwake kunyanyuka kutoka ardhini, na anapotoka mafichoni hujiachia aanguke kwanza, ndipo mabawa yashike hewa.

Maficho yake ya asili ni mianya ya miamba na ya miti, lakini mwanadamu amemjengea maficho bora zaidi bila kukusudia, kwa kuwa nafasi iliyo kati ya mabati na dari katika madarasa, makanisa na maofisi ina giza, ina mwanya mwembamba wa kuingilia, na haifikiwi na paka. Joto la mahali hapo mchana ni kali, ila popo hawa hawalikimbii. Jamaa yake wa karibu, Mops condylurus, alichunguzwa nchini Afrika Kusini akakutwa anastahimili joto linalopita nyuzi 40 za Selsiasi ndani ya paa. Dalili za kuwapo kwake ni harufu kali isiyosahaulika na vinyesi vidogo vyeusi vinavyorundikana chini ya mwanya, ambavyo kwa mbali hufanana na vya panya, lakini vya panya hukauka vikawa vigumu, na vya popo husagika vikiguswa kwa kijiti na kuacha unga unaometameta, kwa sababu karibu vyote ni vipande vya magamba na mabawa ya wadudu.

Jua likishatua, jambo ambalo Nairobi hutokea karibu na saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, popo hao hutoka kwa makundi na kuanza kuita. Ili kueleza wito huo ni lazima kwanza kueleza masafa, yaani idadi ya mitetemo ya hewa katika sekunde moja. Sikio la kijana mwenye afya husikia sauti zenye mitetemo kuanzia 20 hadi 20,000 hivi kwa sekunde. Mitetemo 1,000 kwa sekunde huitwa kilohezi moja, na kwa hiyo kikomo cha sikio la mwanadamu ni kilohezi 20. Mops pumilus huita kwenye kilohezi 25 hivi, juu kidogo tu ya kikomo hicho, na ndiyo sababu anga linaloonekana kimya juu ya mabati ya Olympic limejaa kelele ambazo hakuna mkazi anayezisikia. Masafa hayo si ya juu sana yakilinganishwa na ya popo wengine, maana wapo wanaopita kilohezi 100, nayo hayakutokea kwa bahati tu: hewa humeza upesi sauti za masafa ya juu na kuziacha za chini ziende mbali, na popo anayewinda mahali peupe kwa kasi anahitaji habari za mbali kuliko anavyohitaji picha yenye maelezo madogo madogo.

Kila wito ukigonga kitu hurudi kama mwangwi, na kutokana na muda uliopita popo hujua umbali. Kutokana na tofauti kati ya sikio la kulia na la kushoto hujua upande. Kutokana na namna mwangwi unavyopepesuka hutambua kwamba kitu hicho kina mabawa yanayopiga. Akiwa bado anatafuta huita mara chache kwa sekunde, lakini akishapata windo huongeza kasi ya miito, na katika sehemu ya mwisho ya sekunde, kabla ya kulinasa, miito hiyo hupita 100 kwa sekunde moja. Zaidi ya hayo, kwa kuwa sauti yake ni kali kiasi cha kuweza kumziba masikio mwenyewe, popo ana msuli mdogo ndani ya sikio la kati unaokaza anapoita na kulegea ili apokee mwangwi, naye huurudia mchezo huo usiku kucha bila kukosea.

Mwanadamu alichelewa sana kulijua jambo hili. Lazzaro Spallanzani, padri na mwanasayansi wa Italia, alionyesha katika mwaka 1793 kwamba popo aliyepofushwa huruka bila kugonga vitu, na Louis Jurine wa Geneva akaonyesha baada yake kwamba popo aliyezibwa masikio hugonga kila kitu. Lakini kwa kuwa hakuna aliyeisikia sauti yenyewe, matokeo yao yalidharauliwa kwa zaidi ya karne moja. Ni mwaka 1938 ambapo Donald Griffin, akiwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Harvard, alimpeleka popo mbele ya chombo cha mwalimu wa fizikia G. W. Pierce kilichoweza kupokea masafa ya juu, na chombo kikaanza kupiga kelele. Hapo ndipo sifa za popo zilipoanza kuandikwa, na kwa miaka kadhaa zikaandikwa kana kwamba anga la usiku lina mnenaji mmoja asiyekuwa na msikilizaji.

Msikilizaji alikuwapo. Nondo anayechukuliwa hapa kuwa mfano ni Spodoptera frugiperda, ambaye kiwavi wake anajulikana na wakulima wa Kenya na Tanzania kwa jina la kiwavijeshi vamizi. Asili yake ni Amerika. Alithibitishwa Afrika Magharibi mwaka 2016, na kufikia mwaka 2017 alikuwa amekwisha kuingia katika mashamba ya mahindi ya magharibi mwa Kenya. Ana ndugu wa humuhumu, Spodoptera exempta, yule kiwavijeshi wa tangu zamani ambaye hufuata mvua na upepo na ambaye Afrika Mashariki imekuwa ikimtabiri kwa mitego tangu miaka ya 1960. Nondo wa kiwavijeshi vamizi ni mdogo wa rangi ya kijivu na kahawia, upana wake kutoka ncha ya bawa hadi ncha ya bawa ni milimita 32 hadi 40. Dume ana doa jeupe karibu na ncha ya bawa la mbele, jike hana alama ya kutajika. Jike hutaga mayai kwa mafungu ya 100 hadi 200, na kila fungu hulifunika kwa magamba laini aliyoyang'oa tumboni mwake, hata mayai yakaonekana kama ukungu uliokaa juu ya jani. Katika maisha yake mafupi, ambayo ni siku 10 hivi, jumla ya mayai huweza kufika 1,500 na zaidi. Kiwavi wake hutambulika kwa mistari ya kichwani inayochora herufi Y iliyopinduliwa na kwa madoa manne meusi karibu na mkia yaliyopangwa kama pembe za mraba, na mzunguko wote kutoka yai hadi nondo mpya huchukua siku 30 hivi hali ya hewa ikiwa na joto.

Sikio la nondo huyu haliko kichwani. Liko ubavuni, mahali kifua kinapokutana na tumbo, na sehemu yake kuu ni kiwambo chembamba kuliko karatasi yoyote, kilichowambwa mbele ya kifuko cha hewa. Nyuma ya kiwambo hicho zimeshikizwa seli mbili tu zinazopokea sauti. Mwanadamu ana maelfu ya seli za namna hiyo katika kila sikio, na kwa uchache huo nondo hawezi kutofautisha masafa, yaani kwake sauti zote zina toni moja. Alichonacho ni kipimo cha nguvu. Seli ya kwanza ni nyepesi, huamka hata kwa sauti hafifu. Ya pili ni nzito, huamka sauti ikishakuwa kali. Kenneth Roeder, aliyefanya kazi katika Chuo Kikuu cha Tufts huko Marekani, pamoja na mwenzake Asher Treat, waliichunguza mishipa ya fahamu ya nondo wa jamii hiyo katika miaka ya 1950 na 1960 kwa kuiunganisha na vyombo vya umeme, na wakagundua kwamba seli mbili hizo zinatosha kutoa amri mbili tofauti. Seli ya kwanza ikilia peke yake, maana yake popo yuko mbali, na nondo hugeuka taratibu akaenda upande ambao sauti haitoki. Seli ya pili ikiitikia, maana yake popo yuko karibu na kugeuka hakutasaidia tena, na nondo huanza kupinda ovyo, kujizungusha, au kufunga mabawa na kuporomoka kama jiwe.

Kwa nini uchache huo unatosha ni jambo linaloeleweka kwa hesabu ndogo. Sauti ya popo humfikia nondo kwa safari moja, lakini mwangwi humrudia popo kwa safari mbili, tena ukiwa ni kipande kidogo tu cha sauti iliyotoka, kwa sababu nondo ni kitu kidogo. Hivyo nondo huweza kumsikia popo akiwa umbali wa mita 30 hivi, wakati popo anayemtafuta mdudu wa kiasi hicho humtambua akiwa mita chache tu mbele yake. Popo anayekwenda mita 8 kwa sekunde huzipita mita 30 katika muda usiofika sekunde 4, na ndani ya muda huo nondo asiye na ubongo wa kutajika anatakiwa kusikia, kupima, kuamua na kutenda. Seli nyingi zaidi zingempa habari nyingi zaidi, na habari nyingi zaidi zingemchelewesha. Katika ufundi wa kutumia kidogo kwa kazi kubwa, ni haki kusema kwamba nondo amemzidi popo, hata kama popo ndiye anayeshiba mara nyingi.

Thamani ya sikio hilo ilithibitishwa pia na shahidi asiyetarajiwa. Kuna utitiri, mdudu mdogo wa jamii ya kupe, anayeishi ndani ya masikio ya nondo wa ukoo huu huko Amerika na kukiharibu kiwambo anapotaga humo. Treat aligundua kwamba utitiri hao, hata wakiwa wengi, hukaa katika sikio moja tu la nondo na kuliacha la pili likiwa zima. Anayefika baadaye hufuata njia iliyoachwa na waliomtangulia hadi katika sikio lilelile lililokwisha kuharibika. Nondo kiziwi wa masikio yote mawili ni nyumba itakayomezwa na popo pamoja na wapangaji wake, na wapangaji hao, ambao hawajui lolote kuhusu popo, wameumbika kana kwamba wanajua.

Ni rahisi kuhitimisha kutokana na hayo kwamba popo ndiye aliyemfanya nondo apate masikio, na kwa muda mrefu ndivyo ilivyofundishwa. Uchunguzi mpana wa vinasaba vya nondo na vipepeo uliochapishwa mwaka 2019 umeilegeza hoja hiyo, kwa kuonyesha kwamba koo kadhaa za nondo zilikuwa na masikio mamilioni ya miaka kabla popo hawajatokea, ambao mabaki yao ya kale yanayojulikana yana umri wa miaka milioni 52 hivi. Huenda masikio hayo yalitumika kwanza kusikia nyayo na mabawa ya maadui wengine, kisha popo walipokuja yakanolewa kwa ajili yao. Hilo halipunguzi uhusiano wa wawili hao, ila linaondoa picha ya bwana na mtwana, ambapo popo hutenda na nondo hujibu tu.

Nao popo hujibu. Katika mapango ya Mlima Suswa, magharibi ya Nairobi katika Bonde la Ufa, huishi popo mkubwa wa jamii hiyohiyo ya mkia huru, wa jenasi ya Otomops, mwenye masikio marefu yaliyolala mbele juu ya uso kama ukingo wa kofia. Miito yake iko chini ya kilohezi 20, kiasi kwamba mtu aliyesimama nje ya pango jioni huweza kuisikia kwa masikio yake mwenyewe, na masafa hayo yako chini ya yale ambayo sikio la nondo wengi huyapokea vizuri. Hasara yake ni kwamba mwangwi wa sauti ya chini hauonyeshi wadudu wadogo, lakini popo wa Suswa hana haja nao, kwa maana sehemu kubwa ya chakula chake ni nondo. Upande wa pili, wapo nondo wasio na masikio kabisa, kama wale wakubwa wa ukoo wa Saturniidae, ambao Kenya ina mwenye mikia mirefu aitwaye Argema mimosae. Majaribio yaliyofanywa Marekani kwa jamaa yake yalionyesha kwamba mikia ya namna hiyo, inapozunguka, huvuta shambulio la popo mbali na mwili. Wengine hulia wenyewe kwa mlio mkali, ama kumtangazia popo kwamba wana sumu, ama kuuvuruga mwangwi wake.

Sasa ni zamu ya taa. Nguzo za Mulika Mwizi zilipoanza kusimikwa katika mitaa ya mabanda ya Nairobi, katikati ya muongo wa kwanza wa karne hii, shabaha ilikuwa usalama, na Kibera hakuna anayehitaji kuelezwa faida yake: wauza mutura, chapati na mgongo wazi, yaani mifupa ya samaki iliyokaangwa, waliweza kukaa barabarani hadi usiku, na wanawake wanaorudi kutoka kazini wakaona njia. Hata hivyo, kila taa kali iliyo juu hukusanya wadudu, na sababu yake imeanza kueleweka vizuri miaka ya karibuni tu. Utafiti uliotolewa mwaka 2024 ulionyesha kwamba mdudu arukaye usiku hujua upande wa juu kwa kuupa mgongo mwanga wa anga. Akikutana na taa huipa mgongo taa hiyo, na hivyo hujikuta ameinama upande na kuizunguka pasipo mwisho, si kwa sababu anaipenda, bali kwa sababu amepoteza juu na chini.

Nondo aliye katika hali hiyo ana tatizo la pili lililo kubwa kuliko la kwanza. Wataalamu wa Uswidi, Svensson na Rydell, walitoa mwaka 1998 matokeo ya majaribio yaliyoonyesha kwamba nondo wenye masikio wakiwa karibu na taa za zebaki, ambazo mwanga wake ni mweupe na una miale mingi ya urujuanimno, yaani miale isiyoonekana na jicho la mwanadamu, hupunguza sana mbinu zao za kukwepa hata wanaposikizwa sauti ya popo. Na utafiti wa Uingereza wa mwaka 2015 ukaona jambo linalofanana na hilo chini ya taa za LED. Sikio halijafa, seli zote mbili zinafanya kazi, lakini mwili hauitikii, pengine kwa kuwa mwanga mkali humfanya nondo atende kana kwamba ni mchana, wakati ambao popo hawapo. Kwa popo anayewinda mahali peupe, kama Mops pumilus, nguzo moja kama hiyo ni sufuria iliyopakuliwa, na jamii ya mkia huru ni miongoni mwa popo wanaojulikana kuwinda penye taa. Si popo wote wanaonufaika, kwani wale wa ndani ya msitu, wenye mabawa mapana na mwendo wa polepole, huogopa mwanga, na kila nguzo inayosogezwa kuelekea Msitu wa Ngong Road huwapunguzia eneo.

Mkulima wa kipande cha mahindi kando ya reli anaweza kuuliza kama popo huyo aliye juu ya taa anamsaidia. Kwa ukadirio uliochapishwa mwaka 2020, kiwavijeshi vamizi aliigharimu Kenya karibu theluthi moja ya mahindi yake ya mwaka, kiasi cha tani milioni moja hivi, kwa hiyo kila nondo jike anayeliwa kabla ya kutaga ni hasara iliyozuiwa. Huko Texas, ambako popo wa mkia huru huishi mapangoni kwa mamilioni na kula nondo waharibifu wa pamba na mahindi, watafiti walikadiria mwaka 2006 kwamba katika wilaya nane tu kazi yao ilikuwa na thamani ya dola 741,000 kwa mwaka. Huko Eswatini, Mops pumilus na Mops condylurus walifuatiliwa wakaonekana kupendelea kuwinda juu ya mashamba ya miwa kuliko juu ya mapori. Ila popo hula nondo, si viwavi walio ndani ya jani lililojikunja, na mwenye gunia la sukuma wiki bado atalazimika kugeuza majani na kuponda mayai kwa vidole.

Kuhusu hofu ya maradhi, inafaa isemwe bila kuipamba. Mwaka 2018 virusi vya Bombali, vya jamii ya Ebola, vilitangazwa kuwa vimepatikana Sierra Leone katika spishi hizo mbili za Mops, na baadaye vikapatikana katika Mops condylurus wa Taita hapa Kenya. Hakuna mgonjwa wa kibinadamu aliyethibitishwa kuugua kutokana navyo, lakini ni sababu tosha ya kutomshika popo kwa mkono mtupu na ya kulowesha vinyesi kwa maji kabla ya kuvifagia, ili vumbi lisipande puani. Si sababu ya kumwaga dawa darini. Mwanya huzibwa usiku popo wakiwa wametoka, baada ya kuhakikisha kwamba hakuna watoto walioachwa ndani, kwa kuwa mtoto asiyeweza kuruka akifungiwa humo hufa na kuoza juu ya vichwa vya watu.

Dawa, iwe ya darini au ya shambani, ndiyo inayoonyesha tofauti ya mwisho kati ya wanyama hawa, ambayo ni ya uzazi. Popo jike huzaa mtoto mmoja kwa kila uzazi, hata kama katika sehemu nyingine za Afrika spishi hii huzaa zaidi ya mara moja kwa mwaka, na humnyonyesha kwa wiki kadhaa hadi aweze kujiwindia. Nondo jike hutaga mayai 1,500 na kuyaacha. Sumu inayopulizwa shambani huwaua nondo wengi na kuingia katika mwili wa popo kupitia nondo waliobaki, kisha baada ya siku 30 shamba lina nondo wapya kutoka kwa wachache walionusurika au walioletwa na upepo, ilhali kundi la popo lililopungua nusu huhitaji misimu kadhaa ya uzazi kabla ya kurudi lilivyokuwa chini ya mabati.